Bomba la bafuni linalopiga shoti

Dada, umeuliza kama chumba cha Makorora ambacho bomba lake la bafuni linakutekenya kwa umeme ukiwa umelowa kinafaa kuhamia. Tafadhali usihamie kabla halijarekebishwa. Huo ni umeme unaovuja, na mara nyingi unatoka kwenye hita ya shawa.

Mwenye nyumba akikuambia "sakiti breka ipo", mjibu hivi: breka ya ampia 20 inasubiri mzigo mkubwa ndipo ikate, lakini miliampia 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuua. Kinachotakiwa ni kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30, chenye kitufe cha T. Ukikibonyeza kikakataa kuzima, kibadilishwe.

Halafu athi, yaani waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini. Angalia nje, chini ya meni swichi. Chumvi ya bahari hapa Tanga inakula upesi vibano vinavyoushika waya huo: utakuta kibano kimeota kutu ya kijani, au waya wa kijani na njano unaning'inia haujafungwa popote. Fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aipime athi kwa mita, asiitazame tu kwa macho.

Kwa sasa zima meni swichi, kisha fundi apime bomba kwa testa (usiliguse!). Likiwa bado lina umeme, unatoka nje ya nyumba, pengine kwa jirani, pigieni TANESCO. Madai yako ya matengenezo mtumie mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na picha ya kile kibano.