Feni mbili za kasha dogo la kompyuta: zivute hewa ndani au zitoe?

Kaka, feni ya chini iingize hewa, ya juu itoe. Usizigeuze zote mbili zitoe, maana kasha litavuta hewa kupitia kila upenyo na vumbi litaingia bila kupita kwenye kichujio. Mimi hutengeneza kompyuta hapa Malindi. Zile zinazokaa karibu na ufuo nikizifungua nakuta vumbi limeganda na chumvi kwenye mapezi ya hitisinki (kile kipande cha metali kinachopoza prosesa, chipu kuu ya kompyuta), hata brashi hailitoi vizuri. Halafu liinue kasha kidogo, lisilale juu ya kitambaa cha meza likazibwa pumzi. Ila feni haishushi joto chini ya lile la chumba: chumba kikiwa nyuzi 32, prosesa itakuwa juu ya hapo tu.