Dar es Salaam na Watoto kwa Gharama Nafuu

SWALI: Mhariri, tunaishi Dodoma na tuna watoto watatu wa shule ya msingi. Tufanyeje ili tuwatembeze Dar es Salaam kwa siku mbili bila kukopa?

JIBU: Ndugu msomaji, pandeni treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inaunganisha miji hiyo miwili, kisha mlale karibu na katikati ya jiji, kwa kuwa teksi za kila siku ndizo zinazomaliza fedha. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana viingilio vya raia katika Makumbusho ya Taifa ni nafuu kuliko vya wageni. Msikose kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni: nauli ni ndogo mno, na mtoto aliyekulia bara, anapoziona meli kubwa kwa karibu, hufurahi kupita kiasi. Jioni, mihogo ya Coco Beach itawatosha.