Kiingereza cha kuamua ugomvi: "intervene" na jamaa zake

Kijana mmoja anayetembeza wageni Lamu ameniletea sentensi nimtazamie kabla hajaituma kwa wakala wake Nairobi: "The captain intervened the quarrel." Wakala angemwelewa, lakini sentensi ni mbovu, na ubovu wenyewe umetoka kwenye Kiswahili chetu.

Sisi husema nahodha aliingilia ugomvi. Tazama kitenzi hicho: kuingia, kisha kuingilia. Ile -li- iliyochomekwa ndiyo inayokipa kitenzi nguvu ya kushika ugomvi moja kwa moja. "Intervene" haina -li- yake na haichukui yambwa, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na neno la nje: "The captain intervened in the quarrel." Ukitaja watu badala ya jambo, tumia "between": "intervened between the two men." Ukitaja lengo, tumia "to": "intervened to stop the fight." Ukitaja anayetetewa, "on behalf of".

Kwa sababu hiyo hiyo haigeuzwi kuwa ya kutendwa. "The matter was intervened by the elders" utaikuta hata kwenye barua zenye mhuri, nayo ni "jambo liliingiliwa na wazee" lililovishwa suti. Andika "The elders intervened in the matter." Wazee watangulie, kama wanavyopenda.

Matamshi: in-ta-VIIN, mkazo mwishoni. Nomino ni in-ta-VEN-shan, na hapo "ven" ni fupi.

Sasa penye mtego hasa. Manahodha wawili wanagombea abiria gatini, mmoja keshamshika mwenzake shati. Anayejitupa katikati na kuwatenganisha, huyo "intervenes". Anayekuja mbio kumtetea mmoja kwa kuwa ni shemeji yake, na kuzidisha makelele, huyo "interferes". Jioni, mzee anayewaketisha wote wawili barazani akasikiliza huyu kisha yule, "mediates". Na anayekwenda kwa mwenye mashua kuomba kijana asifukuzwe kazi, "intercedes": "He interceded with the owner on behalf of the boy." Anayemkatiza mzee maneno pale barazani, basi, huyo "interrupts" tu.

Kiswahili kinatofautisha wa kwanza na wa pili kwa neno moja dogo, "kati". Kuingilia kati ni jambo la kushukuriwa. Kuingilia mambo ya watu ni lawama, na kumwingilia mtu ni jingine kabisa, tuliache. Sasa mtu akikariri kwamba "kuingilia" ni "interfere", ataandika barua kumshukuru mkuu wa wilaya "for interfering in our land dispute". Amemtukana bila kujua, tena kwa adabu zote.

Si lazima mwingiliaji awe mtu. "We planned to sail to Kiwayu, but the weather intervened": kusi lilichafuka, safari ikavunjika. Wakati nao hukaa katikati. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, na Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus Mombasa 1593. "In the intervening 95 years" ni miaka 95 iliyopita baina ya mambo hayo mawili, wala hakuna ugomvi wowote ndani ya neno hilo. Wanaotembeza wageni wataihitaji sana hii.

Mwisho kuna maana ambayo watu wa Mji Mkongwe wa Lamu hukutana nayo tangu mji ulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2001. Kwa wahifadhi wa majengo, "intervention" ni kazi yoyote inayogusa jengo: kubadilisha boriti, kuziba kidaka, kupiga lipu upya. "Minimal intervention" maana yake gusa kidogo kadiri iwezekanavyo. Chokaa ikibanduka mahali, rudishia chokaa hapo hapo. Usipake saruji ukuta mzima, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe, kisha lipu huvimba na kuanguka vipande vipande. Kwa hiyo mwenye nyumba akisoma "no intervention without approval", asidhani amekatazwa kuamua ugomvi wa mafundi. Amekatazwa kugusa ukuta.