Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu za Kwanza London na Begi Moja Mgongoni

Tangu tulipoandika habari za vijana wa Mtwara na Lindi wanaojiwekea akiba ya mauzo ya korosho ili waione dunia, barua zimekuwa zikija kila wiki. Safari hii nimechagua nne, zote zinazohusu London, kwa kuwa ni mji niliowahi kuufikia mwenyewe nikiwa na fedha za kubana, na makosa niliyoyafanya huko sitaki mwingine wa kwetu ayarudie.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini. Kwa miaka minne nimeweka akiba, na sasa nimepata viza ya Uingereza na tiketi ya ndege. Nitakaa London siku tisa, sina ndugu huko, nitabeba begi moja la mgongoni na kulala hosteli. Wenzangu wananiambia kwamba fedha yangu yote itaisha ndani ya siku tatu za mwanzo. Je, ni kweli, na nifanye nini? — Mwalimu, Lindi

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa subira ya miaka minne. Wenzako wana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu siku za mwanzo ndizo zinazomla mgeni, ila hazimli kwa sababu vitu ni ghali tu. Zinamla kwa sababu anafika akiwa amechoka, ana njaa na hajui njia, na mtu wa namna hiyo hulipa chochote anachoombwa ili apumzike. Kwa hiyo mambo matatu yaamue ukiwa bado Lindi, akili ikiwa imetulia: utatokaje uwanja wa ndege, utalala wapi usiku wa kwanza, na utakula nini kabla ya kulala.

Mimi sikuamua hata moja. Nilitoka mlango wa abiria pale uwanja wa ndege wa Heathrow saa tatu usiku kwa saa za huko, wakati mwili wangu ulikuwa bado kwenye saa sita ya Mtwara, maana wakati wa baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu na wakati wa kiangazi kwa saa mbili. Mtu mmoja akanisogelea kwa upole, akalishika begi langu na kuniambia ana gari. Nilimlipa pauni 70. Siku ya pili, nilipokwisha kuelewa nauli za mabasi, nilipiga hesabu nikaona kwamba fedha ile ingenitosha kuzunguka mji kwa basi karibu wiki mbili. Ndani ya ukumbi wa kuwasili usimfuate mtu yeyote anayekuita, hata akiwa mwenye adabu kiasi gani; fuata vibao vya treni.

Treni ziko za aina tatu, na bei zake zinapishana mno. Heathrow Express hufika kituo cha Paddington mjini kwa dakika 15, lakini tiketi ya siku hiyo hiyo huzidi pauni 20. Ya pili ni Elizabeth line, ambayo nauli yake iko katikati. Ya tatu ni treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly, ambayo huchukua karibu saa nzima kufika katikati ya mji, na mwaka 2025 nauli yake ilikuwa pauni 5.80. Panda hiyo ya tatu. Ndege ikichelewa ukafika usiku wa manane, lipo basi la usiku namba N9 linalotoka Heathrow hadi katikati ya mji kwa nauli ya kawaida ya basi. Kabla ya hayo yote utakutana na afisa wa uhamiaji, basi mkononi uwe na karatasi zilizochapishwa za hosteli na tiketi ya kurudi, kwa kuwa simu huishiwa chaji saa ile ile unapoihitaji.

Kuhusu mabasi nitasema zaidi, kwa sababu humo ndimo akiba yako itakapopona. Kwa nauli za mwaka 2025, basi lolote la mjini ni pauni 1.75, uwe unakwenda vituo viwili au unauvuka nusu ya mji, na ndani ya saa moja tangu ulipogusisha kadi mara ya kwanza unaweza kubadili mabasi mengine bila kulipa tena. Ukishafikisha pauni 5.25 kwa siku, mabasi yote yanayofuata siku hiyo ni bure. Dereva hapokei fedha taslimu, jambo lililokoma tangu mwaka 2014, bali unagusisha kadi yako ya benki kwenye kile kisahani cha njano kando yake, kinalia mara moja, unapita. Tumia kadi ile ile siku nzima; ukigusisha kadi asubuhi na simu mchana, mashine itahesabu watu wawili na kikomo cha pauni 5.25 hutakifikia. Kwenye basi unagusisha unapopanda tu, lakini kwenye treni unagusisha unapoingia na unapotoka. Mimi nilitoka kwenye kituo kimoja ambacho hakikuwa na geti, sikugusisha, na nikakatwa nauli ya juu kabisa. Treni vilevile hupanda bei siku za kazi kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni, kwa hiyo saa hizo kaa jikoni au panda basi.

Na ukiwa kwenye basi, panda ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Siku yako ya kwanza, kabla hujalipia gari lolote la kutembeza watalii, chukua basi namba 15 kutoka karibu na Tower of London kuelekea Trafalgar Square. Litakupitisha kando ya kanisa kuu la St Paul's, likupitishe mtaa wa Fleet Street hadi Strand, na wewe umekaa juu, nyuma ya kioo kikubwa, ukiutazama mji ukija kama mtu aliyekaa mbele ya fuso inayoingia Mingoyo.

Hosteli ilipie usiku mitatu ya kwanza kabla hujaondoka, si tisa, kwa sababu ukifika unaweza kukuta mahali hapakufai na ukataka kuhama. Vitanda vya chumba cha pamoja hupanda bei Ijumaa na Jumamosi, hivyo ni vizuri kufika Jumapili au Jumatatu. Usichague kwa picha za sebule. Chagua kwa jiko, yaani hakikisha wameandika kwamba wageni wanaruhusiwa kupika. Chukua kufuli lako na taulo lako kutoka nyumbani, maana vyote viwili hukodishwa au kuuzwa mapokezi. Ukifika asubuhi hutapewa kitanda mpaka alasiri, lakini hosteli nyingi zitakutunzia begi.

Jiko hilo ndilo lililoniokoa. Usiku ule wa kwanza, baada ya ile teksi, niliogopa kununua hata mkate. Jikoni palikuwa na rafu ya mbao yenye kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nzito kwamba kila kilichopo hapo ni cha yeyote: nusu pakiti ya tambi, mafuta ya kula robo chupa, chumvi, kitunguu kimoja na makopo mawili ya nyanya. Ni vitu vinavyoachwa na wageni wanaoondoka. Nilikaanga kitunguu, nikala tambi nikiwa nimesimama, na nilipoondoka siku ya mwisho nikaacha pale mchele uliobaki. Iulizie rafu hiyo mara tu ukionyeshwa jiko. Kwa mahitaji mengine nenda supamaketi za Lidl au Aldi, na katika supamaketi yoyote pita jioni uangalie vibandiko vya njano kwenye mikate, matunda na vyakula vilivyopikwa, kwa kuwa vinavyokaribia mwisho wa tarehe hupunguzwa bei, wakati mwingine hadi chini ya nusu. Maji usinunue. Ya bomba ni salama, beba chupa ujaze. Ukilazimika kuingia mgahawani, soma risiti kabla ya kulipa, kwa sababu mingi huongeza asilimia 12.5 ya huduma, na kwa kawaida nyongeza hiyo ni hiari. Unaweza kuomba iondolewe kwa lugha ya kistaarabu.

Lipia pia bima ya safari. Matibabu kwenye kitengo cha dharura cha hospitali ni bure, lakini ukilazwa mgeni hutozwa, na gharama hiyo hakuna mshahara wa mwalimu utakaoibeba.

Mhariri, mwanangu anaondoka mwezi ujao kwenda London kutembea. Nimemwandalia korosho za kukaanga kilo tatu, unga wa sembe, dagaa wakavu, nyama iliyokaushwa na chupa ya samli. Je, vyote vitapita, au vitatupwa uwanja wa ndege? — Mama, Magomeni, Mtwara

Shikamoo, Mama. Nyama na samli zitoe leo hii. Mtu anayetoka nje ya Ulaya haruhusiwi kuingiza Uingereza nyama wala vitu vya maziwa kwa matumizi yake, na samli ni maziwa. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazina tatizo, na samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa watapita, ila wafunge mara tatu na uwaweke kwenye mzigo wa chini ya ndege. Umwambie pia kwamba jiko la hosteli ni la watu ishirini, na harufu ya dagaa inaweza kuwasumbua wenzake. Awapike mchana wengi wakiwa nje.

Unga usimbebeshe. Mtaa wa Rye Lane kule Peckham, na soko la Ridley Road kule Dalston, una maduka ya Waafrika yanayouza unga wa mahindi, mihogo, ndizi za kupika na samaki wakavu. Nafasi hiyo ya begi ijaze korosho. Kilo moja niliyokwenda nayo niliigawa kwenye vifuko vidogo tisa, kimoja kwa kila siku, na mchana nilipokuwa mbali na jiko ndicho kilichokuwa chakula changu pamoja na ndizi mbivu. Koti zito mtafutie kwenye mitumba ya sokoni hapo Mtwara. Huku kwetu kwenye joto wanaolitaka ni wachache, na bei yake haifanani kabisa na ya dukani London. Na vifaa vya kubadili plagi asinunue, kwa sababu soketi za Uingereza ni zile zile za matundu matatu tunazotumia sisi.

Shemeji yangu aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 2013 ameniuzia noti za pauni ili mjukuu wangu azitumie atakapokwenda huko. Ni za karatasi, za 20 na 10. Zingali halali? — Mzee, Masasi

Shikamoo, Mzee wangu. Dukani hazitapokelewa. Noti ya karatasi ya pauni 10 ilikoma Machi 2018, na za 20 na 50 zilikoma tarehe 30 Septemba 2022. Zinazotumika sasa ni za plastiki. Sarafu ya pauni 1 ya duara nayo ilikoma Oktoba 2017, kwa hiyo kama zimo kwenye kifurushi ziweke kando. Fedha za noti, hata hivyo, hazijapotea, kwa kuwa Benki Kuu ya Uingereza, iliyoko mtaa wa Threadneedle hapo London, hubadilisha noti zake zote za zamani bila ukomo wa muda. Mjukuu asiende nazo akizitegemea kwa siku za mwanzo. Migahawa na maduka mengi siku hizi hayapokei fedha taslimu kabisa, hivyo awe na kadi mbili za benki zilizokubaliwa kutumika nje ya nchi, moja mfukoni na nyingine ndani ya begi, na mashine ikimuuliza kama alipe kwa shilingi au kwa pauni achague pauni, kwa sababu kiwango cha kubadilishia kwenye mashine huwa kibaya.

Mimi ni mwanafunzi, nitafuatana na kaka yangu London kwa siku nne. Hatuna fedha za viingilio. Je, kuna cha kuona bure, au tutazunguka mitaani tu? — Kilwa Masoko

Mdogo wangu, kwa hilo London ni mji mkarimu. British Museum, National Gallery, Tate Modern, Science Museum, Victoria and Albert na Natural History Museum, zote kumbi zake za kudumu ni bure kwa kila mtu, na siku nne hazitawatosha kuzimaliza.

Lakini kwa kuwa unatoka Kilwa, nenda ukijua jambo hili. British Museum inamiliki vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, vingine vya China, vingine vya nchi za Kiislamu na vingine vilivyofinyangwa na wazee wetu wenyewe, na wataalamu wa huko huvitumia kueleza biashara ya Bahari ya Hindi. Ni vigae kama vile ambavyo watoto wa Kisiwani huviokota maji yakipwa. Natural History Museum nayo inahifadhi mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Waingereza kati ya 1924 na 1931 kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Wajerumani walitangulia kuchimba hapo kati ya 1909 na 1913, na mjusi mkubwa waliyempata, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin. Mifupa hiyo ilibebwa na wapagazi wa kwetu kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Ukiingia ukumbi wa Natural History Museum utapokewa na mifupa ya nyangumi wa mita 25 iliyoning'inizwa juu, si ya Tendaguru. Muulize mhudumu habari za mifupa ya Tendaguru, useme unatoka mkoa ilikotoka. Mimi nilisema hivyo, na bibi mmoja wa makamo aliyekuwa zamu aliacha kiti chake akanieleza kwa karibu nusu saa.

Tiketi za bure mchukue mapema kwenye tovuti za makumbusho ili kuepuka foleni. British Museum iwekeni Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo hufungwa saa 2:30 usiku na jioni watu hupungua. Mabegi makubwa muyaache hosteli.