Mwanangu, kuhusu lile swali lako la Warumi

Baba, meseji yako niliisoma jana usiku nikaona nisikujibu juu juu. Umeuliza hivi Warumi si walikuwa na miungu kibao, hata Isis wa Misri wakamjengea hekalu, sasa Wakristo waliwakosea nini mpaka wauawe?

Ujue Yesu peke yake asingewasumbua, wangemuongeza tu kwenye orodha. Shida ni kwamba Wakristo waliwakataa wale wengine wote. Na Mrumi hakukuuliza unaamini nini moyoni, aliangalia unafanya nini. Pale Pompeii wamefukua nyumba zenye vijimadhabahu ukutani, vimechorwa miungu ya nyumba na nyoka kwa chini, ndo hapo familia iliweka ubani na divai kidogo ili nyumba ikae salama, na mji hivyo hivyo, na dola nzima hivyo hivyo. Usipotoa, tauni ikiingia majirani wanajua nani kaikaribisha. Wayahudi nao walikataa ila waliachwa maana dini yao ilikuwa ya mababu, ya kale, na Warumi kitu cha kale walikiheshimu. Wakristo walionekana wametupa mila za baba zao, basi.

Kuna kitu nataka ukione vizuri. Kaisari Decius aliamuru, ilikuwa mwaka 249 kuingia 250, kila mtu atoe sadaka kwa miungu, aonje na nyama yake, mbele ya kamati, halafu anapewa cheti. Mchanga wa Misri umetunza vyeti kama arobaini na kitu, vimeandikwa kwenye mafunjo, mtu anasema siku zote nimetoa sadaka na sasa mbele yenu nimemimina, nimeonja, naomba mnisainie. Kimojawapo ni cha mama mmoja kuhani wa Petesouchos, yaani mungu mamba! Kuhani kabisa na yeye kapanga foleni kuthibitisha kwamba anaabudu. Wapo Wakristo waliokubali, wapo walionunua cheti bila kutoa sadaka, wapo waliokufa.

Lakini wanaonikaa moyoni ni wale wanawake wawili. Kwenye mwaka 112 hivi gavana Pliny kule Bithynia, sasa hivi ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba ameambiwa Wakristo wanakutana kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo, wanaapa kutoiba na kutozini. Ili ahakikishe akawatesa watumwa wawili wa kike ambao kanisa lao liliwaita watumishi. Majina hakuandika. Watumwa, mwanangu, na inaelekea ndo walikuwa viongozi! Kwa hiyo mtu akiniambia Ukristo ulienea kwa sababu ya Kaisari Constantine tu, mimi nakataa, maana mwaka 251 kanisa la Roma lilikuwa linalisha wajane na maskini zaidi ya 1,500, na Constantine alikuja kuwapa uhuru 313. Hata Julian, Kaisari aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, alilalamika kwamba hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu pia.

Sasa sehemu ambayo hukuiuliza ila siwezi kukuficha. Mwaka 380 Kaisari Theodosius akaamuru raia wote wafuate imani ya Nikea, yaani Ukristo kama maaskofu walivyoukubali kwenye mkutano wa Nikea, na 392 ikatoka sheria kwamba hata ndani ya nyumba yako usiwashie moto miungu ya nyumba, usiwape divai, usiwachomee ubani. Ubani ule ule ambao babu zetu katika imani walikufa kwa kukataa kuuchoma, sasa kuna mama mahali fulani anaadhibiwa kwa kuuchoma mbele ya ukuta wa kwao. Nimekuwa Mkristo maisha yangu yote na hapo huwa naumia kweli.

Ukija Desemba tukae tuongee vizuri, na usisahau kumpigia bibi yako.

Mama