Maswali na Majibu: CBD na Kiu ya Pombe

Swali: Nasikia bangi inatibu ulevi. Ni kweli?

Hapana. Nimeulizwa hili mara nyingi mno, nami narudia. Kinachojaribiwa ni kanabidioli, yaani CBD, kemikali moja ya mmea huo isiyolewesha. Inayolewesha ni THC. Anayevuta bangi ili aache pombe ameongeza ulevi juu ya ulevi.

Swali: Imejaribiwa kwa binadamu, au ni panya tu?

Kwa panya ilianza kuvutia mwaka 2018: walipakwa CBD kwenye ngozi kwa siku saba, wakakaa miezi bila kuikimbilia pombe upesi. Kisha Mannheim, Ujerumani, watu 28 wenye uraibu wa pombe walijaribiwa, na matokeo yakatoka 2024. Baadhi walimeza miligramu 800 mara moja tu, wengine vidonge visivyo na dawa, wakaonyeshwa picha za vinywaji huku ubongo ukipimwa. Kwa waliomeza CBD hamu ilipungua, na eneo la ubongo linalochochea hamu hiyo lilitulia. Ni habari njema, ila hamu ndiyo iliyopimwa. Kama kuna aliyeiacha chupa, jaribio hilo halisemi.

Swali: Nimeagiza mafuta ya CBD mtandaoni. Nianze na matone mangapi?

Hata moja usianze. Bidhaa 84 za mtandaoni zilipopimwa Marekani mwaka 2017, takriban tatu kati ya kumi tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC. Tena dozi kubwa za CBD huweza kulisumbua ini, na la mnywaji limeshasumbuliwa vya kutosha.

Swali: Mume wangu hunywa kila siku kwa miaka. Anaacha kesho; CBD itamtuliza mikono inayotetemeka?

Dada yangu, asiache kesho kabla hajaonana na daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Hospitali hutumia dawa za jamii ya diazepamu kumvusha, na CBD haichukui nafasi yake.

Swali: Nikitumia CBD, naruhusiwa bia mbili tatu?

Hapana.

Swali: Sasa tusubiri utafiti mpaka lini?

Kwani nani amekwambia usubiri? Dawa za kusaidia kuacha pombe zipo tayari: naltreksoni ipo, akamprosati ipo, disulfiramu inatumika tangu miaka ya 1950. Wengi wanaoniandikia kuhusu CBD hawajawahi kumuuliza daktari hata moja kati ya hizo tatu.