Bibi anasema "mazuri tu" na paa linavuja, niandike nini?

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Newala, nimepata kibarua cha kudodosa wazee na watu wenye ulemavu kuhusu ubora wa maisha, tunatumia vishikwambi na lile dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) la maswali 26. Sasa kuna bibi nimemkuta kwenye mkeka, mguu umevimba, kisimani hafiki, makuti yameoza mpaka mbingu unaiona, namuuliza maisha yako unayaonaje ananambia "mazuri tu mjukuu wangu, tunamshukuru Mungu", nikabonyeza 4, yaani mazuri (1 ni mabaya sana, 5 ni mazuri sana). Mwanae akadakia, andika 1 huyo anateseka! Wenzangu nao wanasema ningeandika nilichokiona. Nani yuko sahihi?
Mdodosaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. 4 iache hapohapo. Kama ni kuandika unachokiona wewe si ungepiga picha paa ukaondoka, bibi unamsumbulia nini? Hilo dodoso linataka mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake kwa wiki mbili zilizopita, mwili, nafsi, mahusiano na mazingira yake. Makuti na maji vinapimwa pia ila kivyake, viandike kwenye sehemu ya maoni.

Ila na hiyo 4 usiibebe kama ilivyo. Swali lenyewe ndo la kwanza, umetoka kusalimia sasa hivi, mtu mzima gani ataanza kumlilia shida mgeni aliyeshika kishikwambi? Nenda nae taratibu mpaka kwenye usingizi, hela ya matumizi, usafiri, hapo bibi huyohuyo anaweza kukupa 1 na 2 mfululizo, na wewe usirudi nyuma kurekebisha 4 ili zifanane. Halafu inawezekana kweli anayaona mazuri. Mwaka 1999 watafiti Albrecht na Devlieger, wakiwa Marekani, waliandika kuhusu watu wenye ulemavu wa kati na mkubwa, zaidi ya nusu yao walisema maisha yao ni mazuri, wakati mtu wa nje akiwaangalia anawaonea huruma tu. Mwanauchumi Amartya Sen yeye anatahadharisha kwamba mtu akikaa na dhiki muda mrefu anapunguza hata anachokitamani. Bibi yako ni yupi kati ya hao namba peke yake haikwambii, ndo maana nakusisitizia hayo maoni uyaandike.

Huyo mwana mtume hata maji ya kunywa, aondoke kidogo. Ndugu wanaouguza mara nyingi wanatoa alama za chini kuliko mgonjwa mwenyewe, hasa kwenye mambo ya moyoni, kwenye kutembea na kuoga angalau wanakaribiana. Anayejibiwa na ndugu ni yule asiyeweza kabisa kujieleza, mfano kiharusi kimemchukua kauli, na hapo unaandika wazi nani kajibu.

Tarehe ya mahojiano nayo msiifute jamani. Wiki mbili za Novemba hela ya korosho imeingia siyo wiki mbili za Februari ghala limebaki vumbi, mkichanganya bila tarehe mtakuja kusema mradi umefanya kazi kumbe ni mnada tu.

Na ule mguu, muombe bibi ruhusa umwambie mhudumu wa afya wa kijiji, sera inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza watibiwe bure.